Kiti Kimoja cha Lutengele

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aondoke sasa. Hadithi hii sitaimaliza mimi. Nitaifikisha mlangoni, nitawaachia ufunguo, na asije mtu akaniuliza mimi nilikuwa nawaza nini.

Huko nyanda za juu, penye baridi na migomba, palikuwa na chuo kikuu kiitwacho Lutengele. Kilifundisha mambo ya mifugo. Hakikuwa na lango la fahari wala jengo la ghorofa, na maktaba yake ungeweza kuimaliza kwa macho ukiwa umesimama mlangoni. Lakini kilikuwa na watu watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Wa kwanza ni Profesa Subilaga, mkuu wa chuo. Yeye alijaliwa kukataa. Wapo watu wanaokataa kwa makelele, kesho yake wanakubali kwa kunong'ona. Subilaga alikataa kwa sauti ile ile aliyoagizia chai, na akishakataa, amekataa.

Wa pili ni Lugano, mfugaji, jirani wa chuo. Yeye alijaliwa kuuliza. Ukimwambia mvua inakuja, atataka kujua nani kakwambia. Mkewe husema kwamba siku ya harusi yao Lugano alimuuliza mchungaji swali pale pale madhabahuni, na wageni wakala pilau limepoa.

Wa tatu ni Anyisile, binti mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Yeye alijaliwa kusema kweli. Msikidharau kipaji hicho. Kusema kweli ya mwenzio ni rahisi, hata mimi naiweza. Jaribu kusema yako, inayokuumiza, mbele za watu.

Sasa, Lutengele walikuwa na desturi yao. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakukaa bwenini. Alihamia kwa mfugaji, akala kwake, akakamua naye, akafanya utafiti wake katika zizi la mwenyeji huyo. Maprofesa wakishaisoma tasnifu yake na kuridhika, alikuwa bado hajamaliza. Alisimama uwanjani mbele ya wafugaji, akawaeleza alichokigundua, kwa maneno wanayoyaelewa. Hilo waliliita Baraza. Swali la kwanza lilikuwa haki ya mwenyeji, yule aliyemlisha mwaka mzima. Na Baraza likisema "bado", basi ni bado, hata kama maprofesa wote wamesema tayari. Mwanafunzi anarudi zizini mwaka mwingine.

Mwaka huo wakaja wakaguzi wa Bodi ya Ithibati. Kwa asiyejua, ithibati ndiyo inayosema chuo hiki ni chuo kweli. Bila hiyo shahada yako ni karatasi ya kufungia maandazi. Bila hiyo hukaribishwi Umoja wa Vyuo, ambako vyuo hukaa pamoja na kutambuana. Lutengele walikuwa wameambiwa wazi kwamba wasipoipata safari hii chuo kitafungwa, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho watarudi kwao mikono mitupu.

Wakaguzi wakahesabu vitabu, viti na vyoo. Kisha kiongozi wao, Dokta Mutalemwa, mtu wa hesabu mwenye miwani minene, akaingia ofisini kwa Subilaga.

"Profesa, mengine yote yanarekebishika," akasema. "Ila hili Baraza liondoe. Mtihani wa chuo kikuu hausahihishwi na wauza maziwa. Tena mwenyeji amemlisha mtoto mwaka mzima, atamwangushaje? Hii ni ngoma ya kufurahisha wageni. Iondoe, na ithibati unaipata leo hii hii."

Wahadhiri waliokuwepo wakamtazama mkuu wao kwa macho ya kuomba. Mmoja akamgusa mguu chini ya meza.

Subilaga akasema, "Hapana."

"Umenielewa lakini?"

"Nimekuelewa vizuri sana, Daktari. Ithibati tunaitaka, na wanangu wanaihitaji kuliko mimi. Lakini sisi tunafundisha watu wa kwenda kwa wafugaji. Asiyeweza kusimama mbele ya mfugaji nimpe shahada ya nini? Ukitaka kuipa ithibati Lutengele isiyo na Baraza, itafute. Mimi siijui iliko."

Mutalemwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sawa. Basi tutakaa wenyewe kwenye Baraza lenu, na mwanafunzi tutamchagua sisi. Tukiona ni ngoma, tunafunga chuo."

Akachagua jina kwenye orodha bila kutazama. Likawa la Anyisile.

Huo ndio mchango wa Subilaga. Bila "hapana" yake, Baraza lingekufa siku ile ofisini, na chuo kingebaki jina. Lakini wekeni akilini kwamba mali aliyoiweka rehani haikuwa yake peke yake. Ilikuwa shahada za watoto wa watu.

Wanafunzi waliposikia, wakamwendea Lugano zizini, maana Anyisile alikuwa akiishi kwake.

"Baba, tuokoe," wakamwambia. "Uliza swali jepesi. Muulize ng'ombe ana chuchu ngapi, tumalize."

Lugano alikuwa akikamua. Hakuinua kichwa. "Nyie mmekunywa maziwa yangu miaka yote. Nani kati yenu aliwahi kuyakuta yametiwa maji?"

"Hakuna, Baba."

"Basi na swali langu silitii maji."

"Lakini watatufungia chuo!"

"Wanasema sisi wauza maziwa hatuwezi kumwangusha tunayempenda. Nikiuliza la chuchu, si nitakuwa nimewapa ushahidi?"

Wakaondoka wakimlaani. Mkewe Lugano naye hakumsemesha hadi siku ya pili, maana Anyisile alikuwa ameshakuwa mtoto wa nyumba ile.

Siku ikafika. Uwanja ukajaa. Wakaguzi wakapewa viti vya mbele, wafugaji wakakaa kwenye mabenchi ya shule ya msingi. Anyisile akasimama akaeleza. Alikuwa amewalisha ng'ombe wa Lugano majani ya mlusina, ule mti wa malisho, yaliyochanganywa na pumba, na maziwa yakaongezeka mno. Alieleza vizuri. Wafugaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maprofesa wakatabasamu, na Mutalemwa akaanza kupiga miayo.

Lugano akasimama.

"Mwanangu, mwezi ulioanza kuwalisha majani yako, mimi na wewe tulifanya kazi gani nyingine pale zizini?"

"Tulivuta bomba la maji, Baba."

"Kabla ya bomba, ng'ombe walikunywa vipi?"

"Walipelekwa mtoni asubuhi na jioni."

"Na baada ya bomba?"

"Wanakunywa wanapotaka."

"Sasa niambie, na wenzangu hawa wasikie, maana kesho wataacha pesa zao kwenye pumba. Yale maziwa yaliongezwa na majani yako, au na maji?"

Hebu jiwekeni pale aliposimama yule binti. Mikono yake ndiyo iliyoshika koleo la kuchimbia mtaro ule ule wa bomba, kwa hiyo swali hilo halikuwa geni kwake. Lilikuwa likimkaa kifuani tangu masika, naye alikuwa akilifunika. Nyuma yake wamesimama wanafunzi wenzake ambao maisha yao yanategemea mdomo wake. Mbele yake mtu wa hesabu asiyejua tofauti ya mtamba na maksai. Angesema tu, "Takwimu zimezingatia hilo," ingepita! Maneno makubwa alikuwa nayo, tena mengi. Mwenzake mmoja alimnong'oneza kabisa, "Sema takwimu, Anyisile, sema takwimu!"

Anyisile akasema, "Sijui, Baba."

Kisha akaendelea. "Nilitakiwa nitenge ng'ombe wa maji na ng'ombe wa majani. Sikutenga. Nililiona kosa katikati ya mwaka, nikaogopa kuanza upya. Msinunue pumba kwa ajili ya maneno yangu. Sijui."

Wafugaji wakainamiana. Hawakukawia. Lugano mwenyewe ndiye aliyetumwa kutoa jibu, na mtu yule wa maswali safari hii alipata shida na neno moja tu. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi.

"Bado," akasema.

Mkewe akalia kwa sauti. Wanafunzi wakashika vichwa. Wahadhiri wakamtazama Subilaga kama watu waliopandishwa gari lisilo na breki. Kila mtu aliona chuo kimekufa pale pale, mbele ya macho yao.

Mutalemwa alikuwa ameacha kupiga miayo. Akasimama, akamtazama Lugano, akamtazama Anyisile, halafu akamgeukia Subilaga.

"Nimekagua vyuo vyenye marumaru," akasema. "Huko kila mtu anafaulu. Leo nimeona mtu anaangushwa na aliyemlisha, kwa kosa ambalo maprofesa wenu walilipitisha na mimi nisingeliona. Nilisema hii ni ngoma. Nafuta kauli." Akakaa, kisha akasimama tena. "Na Baraza lisiguswe."

Ithibati ikatoka. Wanafunzi wote wa mwaka ule wakahitimu na shahada zinazotambulika, wakavaa majoho, wakapiga picha na mama zao. Wote isipokuwa mmoja. Anyisile alikuwa pembeni na ndoo ya maziwa, akiwapigia vigelegele wenzake. Wengine walipita mbele yake bila kumtazama usoni, si kwa dharau, kwa aibu.

Na sasa ndipo kazi yenu inapoanza.

Umoja wa Vyuo umeikaribisha Lutengele. Umoja ule una ukumbi, na kila chuo kina kiti chake kimoja humo. Anayekikalia siku ya kwanza, kiti kinabeba jina lake daima. Chuo kikiinuka au kikianguka, jina halifutwi.

Wahadhiri wanasema, kiti ni cha Subilaga. Asingekataa, kusingekuwa na Baraza la kuulizia wala la kujibia. Wafugaji wanawajibu, kukataa kwake kungekuwa ubishi mtupu kama Lugano angeuliza la chuchu. Lugano ndiye aliyemwangusha mtu wa nyumbani mwake, kiti ni chake. Wanafunzi nao wanang'aka. Swali gumu lina faida gani likipata jibu la uongo? Wawili wale waliweka rehani vitu vya watu wengine. Anyisile alilipa kwa mwaka wake mwenyewe. Na wale wengine wanawarudishia: yaani aliyelifunika kosa miezi yote apewe kiti kwa kulifunua siku ya mwisho? Siku hizi kufanya wajibu nako kunapewa kiti?

Wakawaita wote watatu, wakawauliza wenyewe.

Subilaga akasema, "Mimi? Hapana." Mnamjua, huo ni ugonjwa wake. Sasa ile hapana ni ya kuheshimiwa au ya kupuuzwa?

Lugano akasema, "Kwanza niambieni, hicho kiti kinamsaidia nini mtu asipokuwa amekikalia?" Hakuna aliyemjibu hadi leo.

Anyisile akaulizwa wa mwisho. Walidhani atainamisha kichwa na kusema wakubwa watangulie, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Akawatazama.

"Nakitaka," akasema. "Mmeniuliza, nami nimewajibu. Nakitaka sana."

Kelele zikazuka, maana mwanafunzi haingii ukumbi ule bila joho, na joho lake yeye bado. Wapo waliosema binti hana adabu. Wapo waliosema huyo huyo ndiye, hajabadilika. Wanabishana mpaka hivi ninavyozungumza. Anyisile hayupo kwenye ubishi huo. Yupo zizini, ametenga ng'ombe upande huu wa maji, upande ule wa majani, na safari hii anaandika yote mawili.

Na asinyanyuke mtu hapa kuniambia wakikalie kwa zamu. Nimekwisha sema, jina ni moja na halifutwi. Wala msiniambie kiachwe kitupu, kwa sababu chuo kilichopigania kutambuliwa namna ile hakiwezi kwenda kusimama mlangoni.

Aliyekataa, aliyeuliza, na aliyesema sijui. Gari liko tayari, Umoja unasubiri jina. Wewe uliyenyamaza tangu mwanzo, ndiyo, wewe: ungemkalisha nani?