Biskuti Laini za Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakikaa majumbani, wakifagia nyua zao na kujuliana hali kila asubuhi, aliishi mjane mmoja, Bi Kindi. Mumewe alikuwa amefariki karibuni. Mungu amrehemu, alikuwa mpole, na mikono yake haikuisha harufu ya siagi, maana kila sikukuu yeye ndiye aliyewaokea watoto wa mtaa biskuti za chokoleti.

Hazikuwa kama zile za dukani zinazolia kakara kakara mdomoni. Zake zilikuwa laini. Ukiivunja moja ilivutika kwanza, na chokoleti ikakuachia alama kidoleni. Alipozidiwa na ugonjwa alimshika mkewe mkono, akamwomba jambo moja tu: siku watakayokaa kumsomea dua, watoto wapewe biskuti zile, wale washibe. Bi Kindi akaahidi.

Shida ilikuwa waonjaji.

Katika mtaa ule, chakula cha dua hakikuliwa mpaka kionjwe. Wageni waliwahi kuumwa matumbo kwa nyama isiyoiva, ndipo ikawekwa desturi. Waonjaji wakisema chakula kimeiva, wao hula kwanza. Wakisema ni kibichi, wamekikataa, na hawakigusi tena siku hiyo, isipokuwa kile kidogo wanachoagiza kirudishwe motoni. Mwenye nyumba hubaki nacho, akajua mwenyewe la kukifanya.

Kazi hiyo waliichukua Mzee Fisi na Bwana Nyati, na nani angewabishia wakubwa wale? Siku ya mazishi ya Bwana Kindi walionja pilau, wakaonja tena, wakaonja mpaka kijiko kikalia ng'ara ng'ara chini ya sufuria. Waliotoka makaburini walikunywa maji, wakaenda zao na njaa.

Sasa siku ya dua ikafika. Chokoleti iliyokuwamo kabatini ni ile aliyoiacha marehemu mwenyewe. Ikiliwa na waonjaji, hakuna nyingine.

Jirani yake, Bi Kanga, alileta mayai, akakaa juu ya kigoda, akatoa shauri. Alisema dawa yao ni kuwaambia kwamba unga umeingiwa na sumu ya panya. Watakimbia bila kuaga.

Bi Kindi alitikisa kichwa. "Siwezi kumwombea mume wangu na uongo uko mdomoni, dada yangu."

"Basi watazila zote."

"Labda. Wacha kwanza nioke."

Akayeyusha siagi, akaikoroga pamoja na sukari guru, ambayo ndiyo inayofanya biskuti zinate. Akatia mayai, kisha unga, mwisho vipande vya chokoleti. Akaliacha donge lipumzike, naye akapumzika. Hakuwa na tanuri. Alikuwa na lile sufuria kubwa la shughuli, lenye mchanga ndani, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Akapanga viduara kwenye sinia, akafunika.

Harufu ilipoanza kutoka, alifunua kidogo, akachungulia. Pembeni zilikuwa zimeshika rangi, katikati bado zinameremeta kama zimelowa. Marehemu alikuwa akizitoa hapo hapo, wala hakumruhusu mtu kuzigusa mpaka zipoe na kujishika zenyewe. Bi Kindi alisimama na mfuniko mkononi, akawaza. Halafu akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Dada, nenda kawaite waonjaji. Waje sasa hivi."

Bi Kanga alidhani hakusikia vizuri. Mtaa mzima watu huwaficha wale chakula chao, huyu anawaita. Lakini alikwenda.

Walikuja mbio, tindi tindi tindi, vumbi likafika mpaka uani. Walimpa pole shemeji yao haraka haraka, macho yakiwa kwenye sinia. Majirani nao walikuwa wameanza kuingia kwa ajili ya dua, wakasimama kutazama.

Mzee Fisi alinyoosha kidole, akabonyeza biskuti moja katikati. Kidole kikazama, tii.

"Shemeji, hizi zimeiva kweli?"

"Zimeiva, Mzee Fisi. Ndivyo marehemu alivyokuwa akizitoa. Zikipoa ndipo utamu wake unakaa."

Alisema kila kitu, wanangu. Hakuficha hata neno moja. Lakini Mzee Fisi alimtazama Bwana Nyati, wakachekeana. Akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba huzuni imemwingia mjane mpaka mikononi, sasa anawapa watu unga mbichi. Akasema yeye ameanza kula biskuti kabla Bwana Kindi hajazaliwa, na biskuti ni kitu kigumu.

"Kwa hiyo mmezikataa?" aliuliza Bi Kindi taratibu.

"Tumezikataa. Hizi ni uji uliolala. Ila chukua mbili uzirudishe motoni, zikae mpaka zilie kama kigae, tukuonyeshe biskuti zinavyokuwa."

"Kama mnavyotaka, shemeji zangu."

Akazirudisha mbili, akafunika, akaongeza makaa juu. Wakubwa wale wakakaa uani kusubiri. Ndani dua ikasomwa polepole, bila haraka, na jina la Bwana Kindi likatajwa, na wengine wakafuta machozi. Zile biskuti juu ya sinia zikapoa na kujishika.

Dua ilipoisha, Bi Kindi alitoa kwanza zile mbili za waonjaji. Zilikuwa nyeusi. Alipozigonga zililia ko, ko.

"Umeona sasa?" alisema Mzee Fisi, akajigamba kwamba meno yake yamevunja mifupa ya nyati wakongwe. Bwana Nyati hakuupenda mfano huo. Fisi akauma.

Kwaa!

Alishika shavu, akageuza uso ukutani. Bwana Nyati aliilamba ya kwake, akaiweka chini.

Hapo ndipo sinia likapita kwa watoto. Mtoto wa Panya aliivunja ya kwake, nayo ikavutika, chokoleti ikamchirizika hadi kwenye kiwiko. Akalamba kiwiko, akacheka. Watoto wote wakawa wanatafuna kimya kimya, kama walivyokuwa wakifanya marehemu alipokuwapo.

Mzee Fisi aligeuka. "Hebu lete hilo sinia, kuna kosa limepita," alisema kwa taabu, mkono shavuni.

"Kosa gani, mzee?" alisema Bi Kanga. "Uji uliolala unautakia nini?"

Majirani wakacheka. Fisi hakuweza kulirudisha neno lake. Alikwishalisema mbele ya watu wote. Akaondoka akijikongoja, na tangu siku hiyo hakuna mpishi aliyemwogopa tena.

Bwana Nyati alibaki. Alikaa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo, jitu kubwa lile, "Marehemu alikuwa akinipa nusu yake, kila sikukuu. Nilikuwa nimesahau zilikuwa laini."

Bi Kindi alikuwa amejibakizia moja. Aliitazama kitambo. Akaivunja, akampa nusu.

"Nimeikataa, shemeji," alisema Nyati. "Desturi hainiruhusu."

"Desturi inamkataza mwonjaji. Haijanikataza mimi kumpa chakula aliyefiwa na rafiki yake."

Wakala pamoja. Jioni Bwana Nyati aliosha sinia na lile sufuria kubwa, akamwaga mchanga wake, na kazi ya uonjaji akaiacha.

Hadithi yangu naiweka hapa, wanangu, nanyi chukueni hili: anayemdharau mwenzake huambiwa ukweli wote, na bado hujidanganya mwenyewe.