Kinu Kwenye Gari la Bibi Harusi

Tairi halipimwi juu ya jeki. Ndivyo Bi Salha alivyowajibu mlipokuwa mkimsifia yule kijana aliyeleta posa kwa binti yake, nanyi mkaangua kicheko, mkadhani mama wa watu anazungumzia magari. Haya, kaeni, na wewe wa mlangoni acha kuning'inia hapo. Neno hilo lina kwao, na kwao ni Soni, kwenye barabara ya milima inayoteremka hadi Mombo.

Huko Soni alikuwepo fundi wa tairi aliyeitwa Hizza. Kazi yake ilikuwa malori ya kabichi na viazi, na kwa malori hakuwa na mpinzani. Alikuwa na mtindo wake: akishafunga gurudumu, huliacha lori juu ya jeki, akapitisha kiganja kati ya tairi na madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Kiganja kikipita, hulizungusha tairi kwa kidole kimoja, watu wakitazama, kisha husema, "Nenda salama." Na lori lilikwenda salama, maana kwenye lori nafasi hapo juu ni kubwa, hata mbuzi angelala.

Fundi huyu alikuwa na binti mmoja tu, naye akapata mume Mombo. Rafiki wa bwana harusi, kijana wa Tanga aitwaye Shafii, akajitolea gari lake limchukue bibi harusi. Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, la milango miwili, na Shafii alikuwa amelikata springi likalala chini hadi paka asingepita uvunguni. Akapanda nalo mpaka Soni siku moja kabla ya harusi, akamwambia fundi anataka libadilishwe magurudumu.

Hizza akalizunguka, akachuchumaa, akatazama. "Lifunge rimu za inchi kumi na sita," akasema, "na tairi la upana wa kawaida. Umelishusha mno hili. Nafasi imekwisha."

"Kumi na sita, baba? Litaonekana limevaa viatu vya mdogo wake." Shafii akafungua buti, akatoa rimu za inchi kumi na nane, na tairi pana zenye ubavu mwembamba. "Na usinifikirie mimi. Mombo nzima itatoka nje kesho kumtazama binti yako."

Hapo akawa amemshika. Fundi alimpenda sana mwanawe, na alitaka aonekane. Akalipandisha gari juu ya jeki, akafunga zile rimu kubwa, akapitisha kiganja. Kikapita. Sasa sikilizeni vizuri: gari likiwa juu ya jeki gurudumu huning'inia, springi hujinyoosha, na nafasi huonekana tele. Kwenye lori jambo hilo halidhuru kitu. Hizza akalizungusha tairi kwa kidole, likazunguka bila kugusa popote, na watu wa sokoni wakampigia makofi. Likashushwa, Shafii akaliendesha uwanjani akiwa peke yake ndani, likateleza vizuri. "Nenda salama," akasema fundi.

Kesho yake mchana, bibi harusi akatolewa. Mbele akakaa somo wake aliyemfunda, karibu na Shafii. Nyuma akaingia bibi harusi, na ubavuni mwake, upande wa kushoto, shangazi yake Mwantumu, dada mkubwa wa Hizza, mama mwenye mwili wake, Mungu amzidishie. Na kwa ukoo wao binti haendi kwa mume bila kinu cha nyumbani kwao. Kinu cha mti mgumu, na mchi wake, vikapakiwa kwenye buti. Gari likadidimia. Watu wakashangilia, hakuna aliyelitazama.

Hizza alifuata na pikapu ya kabichi ya jirani yake, Kaoneka, pamoja na wazee wengine. Walikuwa wamepita kona mbili tu aliposikia harufu ya mpira unaoungua. Akachungulia mbele. Kila kona ya kulia gari jekundu liliinamia kushoto, tairi la nyuma likazama ndani ya madigadi, na moshi mwembamba ukatoka. Kona ikiisha, moshi unakoma. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Ukingo wa lile bati ulikuwa unalikata tairi kama kisu kinavyomenya muhogo, na upande uleule wa kushoto ndiko kulikokuwa na bonde.

"Piga honi!" akamwambia Kaoneka.

Kaoneka akapiga honi. Shafii mbele akajibu kwa honi. Kaoneka akapiga tena kwa nguvu, akawasha na taa. Shafii naye akawasha taa zake, na somo akatoa mkono dirishani akapunga kitambaa. Wanawake wa basi dogo lililofuata nyuma wakapiga vigelegele. Jamani, harusini nani atajua honi ipi ni ya hatari? Kadiri walivyopiga honi ndivyo shangwe ilivyozidi.

Kuwapita, barabara haikuruhusu. Hizza akatoa simu kumpigia dada yake, na simu ya Mwantumu ikalia mfukoni mwa Hizza mwenyewe. Dada alikuwa amempa amshikie. Alimwona binti yake kupitia kioo cha nyuma, kichwa chake kimefunikwa mtandio, na akahisi hofu ambayo hakuwahi kuihisi tangu azaliwe.

"Nishushe," akasema.

Pale barabara huzunguka kilima na kurudi chini yake, na wachuma maharage wamechonga njia ya mkato katikati ya matuta. Hizza akaikunja kanzu kiunoni akateremka nayo mbio, akaanguka, akainuka, kiatu kimoja kikabaki huko. Akatokea chini na kusikia muziki wa gari unakaribia. Kupunga mkono hakupunga, maana wangempungia. Alikaa chini katikati ya lami, na kanzu yake nyeupe ya harusi, akawatazama.

Shafii akashika breki, gari likasimama karibu kumgusa magoti.

"Baba, vipi? Tumekukosea nini?"

"Washushe," akasema Hizza. "Wote. Polepole."

Walishuka. Mwantumu alishuka akilalamika kwamba kaka wa watu ameingiwa na wazimu siku ya harusi. Shafii, uso umemkunjamana, akaingia peke yake alisogeze gari kando. Halikwenda hata hatua chache. Tairi la kushoto likapasuka, mlio ukagonga milima na kurudi, na ubavu mzima wa mpira ukalala barabarani.

Bibi harusi akamkimbilia baba yake na kumshika mkono, naye Hizza akalia mbele ya watu wote, bila aibu.

Ndipo Mwantumu alipoinama, akaokota kile kipande cha mpira, akakigeuzageuza.

"Hizza, gari hili si ulilipima jana?"

"Nililipima, dada."

"Nani alikuwa amekaa ndani?"

"Hakuna mtu."

"Na kinu?"

"Hakikuwamo."

"Lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa juu ya jeki."

Mwantumu akakiweka kipande kile mkononi mwa mdogo wake, akamfunga vidole juu yake. "Basi mdogo wangu, hukupima. Tairi halipimwi juu ya jeki."

Bibi harusi aliingia Mombo amepakiwa nyuma kwenye pikapu ya kabichi ya Kaoneka, amekaa juu ya kinu chake. Na tangu siku ile Hizza hakuruhusu gari dogo kutoka kwake bila kulishusha kwanza chini, akaita watu waliopo waingie, wakae wote, na usukani ukakatwa mpaka mwisho huku na huku. Ndipo anapopitisha kiganja.

Sasa mnaujua mwanzo wake. Na huyo binti aliyekalia kinu ndiye Bi Salha mnayemcheka. Kijana wenu ana adabu, sikatai, na maji amewachotea, na salamu anazijua. Lakini mpaka leo amekuja kama mgeni, amekula akaaga. Ugonjwa haujaingia nyumbani kwake, wala njaa, wala mtoto anayelia usiku kucha, wala mama mkwe kama huyo Bi Salha. Bi Salha aliwahi kukaa ndani ya kile kilichosifiwa kikiwa kitupu. Mwacheni mama wa watu asubiri. Tairi halipimwi juu ya jeki.