Shimo la Kusimama Dede

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, wakubwa tegeni sikio, watoto sogeeni.

Kale hiyo, Tembo alishika mimba yake ya kwanza. Alikuwa mgeni wa mambo hayo, na kila kitu alikiuliza. Mimba ilipokuwa changa, aliliuliza tumbo, "Wewe uliye humo, umefanana na nini?"

Akatega sikio, kisha akaendelea na majani yake.

Mvua zikaja, zikaenda. Jirani yake Swala akashika mimba, akazaa. Tembo bado. Mvua zikaja tena. Siku moja tumbo likapigwa teke kwa ndani, tuku! Tembo akasimama, majani mdomoni. Akapiga mguu chini, du, du, du. Tumbo likajibu, tuku, tuku.

"Shoga, mwanangu ananisikia," akamwambia Swala.

"Atakusikiaje, naye hajazaliwa?"

"Sijui. Hilo ndilo ninalotaka kulijua."

Basi kila jioni ikawa hivyo. Mama du, du, du. Mtoto tuku, tuku.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Tuku. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtoto wa Swala alizaliwa asubuhi, jua halijawa kali akawa anakimbia. Tuku alijaribu kusimama, akaukanyaga mkonga wake mwenyewe, akaanguka, pwaa! Akainuka, akaukanyaga tena, pwaa! Mkonga ulimning'inia kama kamba ya ndoo, hajui ni wa kazi gani. Akichoka aliutia mdomoni, akaunyonya, nyu, nyu, nyu.

"Shoga, wangu anaruka vichaka," akasema Swala. "Wako hata dede hasimami?"

Tembo aliona haya. Akainamisha kichwa, akala majani asiyoyataka.

Fisi akayasikia hayo. Akaja kwa adabu zote.

"Hodi hapa. Mama mtoto, hujambo? Nimesikia habari za mwana. Kwetu sisi, mtoto mzito wa kusimama huchimbiwa shimo. Unamtia humo mpaka kifuani, unamshindilia mchanga, unamwacha peke yake. Ukirudi, amesimama dede."

"Peke yake?"

"Akikuona atadeka."

Tembo akamtazama. "Mbona unameza mate?"

"Ni huruma, mama mtoto. Yangu mimi hunijaa mdomoni."

Tembo hakuamini sawasawa. Lakini aliikumbuka sauti ya Swala, haya zikamshika. Akachimba shimo. Akamtia Tuku, akamshindilia mchanga, akaenda mtoni bila kugeuka nyuma.

Mtoni akasahau kunywa. Mwanangu anafanya nini sasa? Analia? Amelala? Akapiga mguu chini, kama zamani, du, du, du.

Kule shimoni, miguu ya Tuku ilikuwa imebanwa. Ila mlio ule aliujua kabla hajaujua mwanga. Alitaka kujibu. Ataujibu kwa kitu gani? Kilichokuwa huru ni mkonga tu. Akauinua. Ukainuka! Akaupiga chini, tuku, tuku.

Mama akausikia kwenye nyayo zake. Akacheka peke yake. Akapiga tena, du, du, du.

Likaja tuku, tu...

Jibu likakatika.

Tembo akatimua mbio, ardhi ikitetemeka. Kwa mbali akamwona Fisi amesimama ukingoni mwa shimo, anamchungulia mtoto.

Tuku hakumjua Fisi. Alitaka tu kujua mnyama huyu ananukaje. Akanyoosha mkonga, akavuta pumzi, fyuuu, na mchanga ukaingia. Pua ikamwasha. Akapiga chafya, chyaaa! Mchanga wote ukaenda machoni mwa Fisi.

"Macho yangu!" Fisi akakimbia haoni, akaingia kwenye miiba, akatoka upande wa pili bila nyama wala adabu.

Tembo akamfukua mwanawe. Akampangusa, akamnusa, akamnusa tena. Swala naye akafika, anahema, na mwanawe nyuma.

Tuku akatoka shimoni. Akasimama. Akapiga hatua, akaukanyaga mkonga, pwaa!

"Ameanguka tena," akasema Swala taratibu.

"Nimeona." Tembo hakuona haya safari hii. Alikaa chini, akakunja miguu. "Nyamaza, shoga. Nataka kuona atainukaje."

Akainuka. Na mvua zilivyopita, mkonga ukajifunza kushika jani, kisha maji, kisha mkia wa mama. Nao ulimi ukajifunza kuuliza. "Mama, nilipokuwa tumboni nilifanana na nini?"

"Hata mimi niliuliza," akasema mama. "Hukunijibu."

Basi nyinyi mnaolea, shikeni hili: mtoto huanza kutusikia kabla hatujamwona, na hukua kwa saa yake, si kwa saa ya mtoto wa jirani. Ongeeni naye, mkae karibu, mtazame.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe ampelekee mwanawe.