Kwa Nini Mlinzi wa Msitu Hubeba Kuni Kichwani

Ondoa hilo tabasamu, Mahimbo. Umeajiriwa juzi kulinda msitu, tayari unajua kuliko waliokuzaa? Sikia kwanza, kisha ubishane na mimi mama yako.

Zamani msitu wetu haukuwa na mlinzi wala mpaka. Kila mtu alikata alichotaka, mpaka chemchemi ikaanza kutoa tope. Ndipo watu wa hifadhi walipokuja, wakaipaka miti ya mpakani rangi nyekundu, wakamvisha Shekalaghe kofia, wakamwambia kitu kisitoke. Naye akaing'ang'ania amri kama kupe. Wanawake akawanyang'anya hata vijiti vikavu. Wao kwa hasira, wakiwaona wapasua mbao wanapita na magogo ya wizi, waligeuza nyuso wakaendelea kupalilia.

Basi baba mkwe wa Shekalaghe akafariki. Kwetu kuni za msiba huletwa na mkwe. Asipoleta, mke hurudi kwao. Waombolezaji wamejaa uani, maharage yako jikoni, na nje ya ile rangi hakuna ukuni. Shekalaghe akaleta miti ya mihogo; ikawaka, ikazimika. Akaleta mpini wa jembe. Mwisho akapasua kitanda chake. Kitanda kikaisha, maharage bado changarawe.

Mama mkwe, Bi Namkunda, kwa heshima hakuweza kusema naye uso kwa uso, akakiambia chungu: "Chungu, mwambie mkwe binti yangu anafunga mizigo. Hawezi kulala juu ya kofia."

Wanawake wakacheka msibani, Mungu awasamehe. Shekalaghe akaingia msituni, akatoka na mzigo wa matawi makavu kichwani, sare imejaa utando wa buibui. Mpakani wanawake wamejipanga.

"Simama, mwizi! Kibali kiko wapi?"

"Jamani, mke wangu anaondoka!"

"Basi Jumanne na Ijumaa tuokote kuni kavu, bila panga."

"Na mimi nipate nini?"

"Wapasua mbao tutakutajia majina. Wengine ni waume zetu."

Akakubali. Maharage yakaiva, mke akafungua mizigo.

Na tangu siku hiyo, gogo halipiti hapa bila wanawake kupiga yowe, na kila mlinzi mpya huanza kazi kwa kumbebea mjane kuni kichwani, na sare yake mwilini.

Ngata hiyo kitini. Mjane wa mwaka huu ni mimi, na jikoni sina hata kijiti. Natoka kuwaambia wenzangu wakusubiri njiani. Mlango naufunga, ufungue mwenyewe ukishamaliza kununa.