Jiwe la Kwanza la Bi Mkubwa

Hapo zamani, na tulieni, si zamani za mababu, ni hizi zamani zetu za juzi ambazo watu wameshakuwa na simu mifukoni, palikuwa na mashine ya kunusa dhahabu huko Chunya, kwenye kilima cha Itumbula. Ilikuwa na mpini mrefu na chini yake sahani ya duara. Ukiipitisha juu ya ardhi yenye madini, inapiga kelele. Ukiipitisha juu ya ardhi tupu, inanguruma tu kama paka aliyeshiba. Waliiita Bi Mkubwa, kwa sababu ilikula kabla ya wote na haikusema ahsante.

Ilikula nini? Betri za tochi. Asubuhi inapewa fungu jipya, jua likipanda sauti inakwaruza, adhuhuri imenyamaza. Anyitike, mwenye mashine, anaitikisa. Ambakisye, mchimbaji wake, anaziuma betri kwa meno ili zipate nguvu. Wapi! Wanarudi nyumbani mikono mitupu, Ambakisye na maumivu ya jino.

Ndipo wakamwendea Sekela, fundi wa simu na sola. Sekela alikuwa mjane, akifanyia kazi kwenye upenu wa duka la watu, mvua ikinyesha anafunga. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ilifika kwenye linta, juu ya madirisha, ikasimama hapo, na mboga za maboga zilikuwa zimetambaa mpaka sebuleni. Haja yake duniani ilikuwa moja: bati. Masika yalikuwa yanakaribia, na kuta za udongo hazina subira na mvua.

"Dada Sekela," Anyitike akasema, "Bi Mkubwa anatufilisi."

"Nikimtibu, nitakuwa mwenzenu mlimani?"

"Utakuwa mwenzetu."

Sekela akavunja betri za kompyuta zilizokufa, akazipima moja moja, nzima akazitenga na mbovu. Zile nzima akaziunganisha, akazitia kwenye kidumu, akatoa waya mrefu. "Hizi ni za lithiamu," akawaambia. "Zinachajiwa kwa sola na zinashinda kutwa. Kidumu kikae kiunoni. Kisiisogelee sahani, mmenisikia?"

Walisikia. Lakini kusikia si kushika. Asubuhi yake kidumu kikamwelemea Anyitike kiunoni, akaanza kunung'unika. Ambakisye, mtu wa huruma asiye na maswali, akakivua, akakifunga chini kwenye mpini, kikawa kinaning'inia juu ya sahani. Wakamwasha Bi Mkubwa. Lo! Hapa kelele. Pale kelele. Kule kelele.

"Kaka, tumetajirika!" Ambakisye akavua shati. Akachimba hapa, hamna kitu. Akachimba pale, hamna kitu. Akachimba kule, akazidi kwenda chini, hamna kitu. Shamba la karanga la Mzee Mwakibete likawa mashimo matupu kama uso ulioguswa na ndui.

Sekela alipofika akashika kichwa. "Inanusa betri yake yenyewe! Mmeshinda mnachimba kidumu changu!"

Mzee Mwakibete naye akafika, na maneno yake hayasemeki mbele ya watoto. Akataka mashimo yake yafukiwe yote. Ambakisye akashika koleo kwa aibu. Anyitike akakirudisha kidumu kiunoni, akasema, "Kabla hatujafukia, nipite ndani na Bi Mkubwa."

Ilikuwa alasiri, saa ambazo zamani Bi Mkubwa angekuwa ameshalala. Akaingia shimo la kwanza, ngurumo tu. La pili, ngurumo tu. Akaingia lile refu kuliko yote, akainua mkono. "Sikilizeni."

Sekela alisikia ngurumo tu. Ambakisye alisikia ngurumo tu. Anyitike alisikia ndani yake kasauti kembamba kama mbu nje ya chandarua. "Chimba hapa." Ambakisye akachimba, na jiwe likatoka. Dhahabu tupu, kubwa kama kidole gumba cha mwanamume. Wakakumbatiana, wakaruka, wakalia machozi.

Sasa kilima kile kina sheria yake. Jiwe la kwanza la mashine iliyofufuliwa halikatwi wala haligawanywi, hupewa mmoja. Kugawana huanzia la pili. Na kesi ya jiwe hilo husemwa mashine ikiwa imewashwa. Ikinyamaza kabla wenyewe hawajakubaliana, jiwe ni la mwenye shamba. Enzi za betri za tochi kesi zilikuwa fupi mno. Mzee Mwakibete akaenda kuchukua kigoda na kibuyu cha togwa, akaketi karibu na Bi Mkubwa, akaanza kungoja.

Anyitike akasema, "Mashine ni yangu, na masikio ni yangu. Nyinyi mlikuwa mnataka kufukia. Bila masikio haya, jiwe lingekuwa wapi?"

"Chini!" wakaitikia wenzake, maana kweli haipingwi.

"Basi nipeni. Wakwe zangu wamengojea mahari mpaka wananisalimia kama jirani."

Sekela akasema, "Masikio yako ni ya siku zote, lakini kila alasiri yalikuwa yanasikiliza mashine iliyokufa. Bila betri yangu, jiwe lingekuwa wapi?"

"Chini!"

"Basi nipeni. Nakaa kwa watu, na nyumba yangu inalimwa maboga."

Ambakisye akajikuna. "Mimi nilikosea, sibishi. Ila Bi Mkubwa hawezi kunusa kina kile kutoka juu. Ningefunga kidumu sawasawa, shimo lisingekuwepo. Bila kosa langu, jiwe lingekuwa wapi?"

Wakatazamana. "Chini," wakasema polepole.

"Basi nipeni. Kila nikimpigia mama namwambia kesho narudi na dhahabu. Sasa hata haulizi tena."

Wakarudia, wakazunguka, wakarudia tena. Jua likainama. "Tuichaji kidogo," Ambakisye akasema.

"Thubutu!" Mzee Mwakibete akaruka. "Nani aliwahi kubadilisha betri katikati ya kesi?"

"Msihofu," Anyitike akasema. "Sauti bado haijakwaruza. Ikianza kukwaruza, tutaafikiana."

Hapo Sekela akakitazama kidumu. Betri za tochi hufa kama wazee, zinakohoa na kuacha wosia. Zake hazikohoi. Huimba vizuri mpaka mwisho, kisha hukatika.

"Jamani, hizi hazikwaruzi! Zinakatika ghafla!"

"Unatutisha ili tukuachie," wakacheka.

Akatazama bondeni, akaiona nyumba yake isiyo na kichwa, na wingu jeusi nyuma yake. Alitaka kulia. Ameitengeneza betri nzuri hata hakuna anayeiogopa! Akajiuliza kwa haki: nisingekuwa Sekela, jiwe ningempa nani? Na jibu, wallahi, hakulipata.

Bi Mkubwa bado anaimba, wasikilizaji wangu, sauti safi kabisa. Mzee Mwakibete ameshaweka kibuyu chini na kufungua mfuko. Basi semeni nyinyi, na semeni upesi: aliyeipa mashine pumzi, aliyekosea akafukua, au aliyesikia? Je, nani alistahili jiwe?