Moto wa Matanga ya Byabato

Hapo kale bonde la Kyanyabisi lilikuwa maji matupu na mafunjo, na watu waliishi vilimani, penye migomba. Mungu ndiye aliyepanga hivyo, wala hakuna aliyeuliza. Kisha mvua zikagoma mwaka baada ya mwaka, migomba ikainama, na mtu mmoja aitwaye Byabato akashuka bondeni na jembe. Alichimba mfereji mrefu, maji yakaenda zake mtoni. Chini ya mafunjo akakuta udongo mweusi, mizizi na majani yaliyooza tangu enzi na enzi. Ulipokauka ulikuwa mwepesi kama masizi, na viazi viliupenda. Akajenga humo humo, na wengine wakamfuata.

Byabato hakuvila viazi hivyo kwa muda mrefu. Homa ilimchukua. Mkewe, Kokuhirwa, akabaki na watoto na shamba.

Desturi ya watu wale ilikuwa kuwasha moto wa matanga uani, juu ya ardhi, na kuuacha ufe wenyewe. Kuumwagia maji ni kumfukuza marehemu. Ndivyo walivyofanya. Matanga yalipoanuliwa, Kokuhirwa aliligusa jivu, akaona limepoa, akamshukuru Mungu na kurudi kwenye matuta yake.

Ukame ukaendelea. Siku moja alichimba kiazi, kikatoka kimeiva.

"Mwenzetu una bahati," jirani yake Nyamwiza akamtania. "Sisi tunahangaika na kuni, wewe shamba linakupikia!"

Wakacheka, wakakila. Lakini baadaye moshi ulianza kutoka katikati ya matuta, bila mwali wowote. Kisha ng'ombe wa Nyamwiza akadidimia hadi magotini, akatolewa miguu imeungua. Hapo hakuna aliyecheka. Watu wakasema Byabato amekasirika, achinjiwe mbuzi.

Kokuhirwa hakubishana nao. Alipita shambani polepole, akiinama na kuweka kiganja ardhini, akilifuata joto. Lilimrudisha hadi uani kwake, penye jivu la matanga. Akafukua. Chini ya jivu lile baridi palikuwa na shimo jekundu.

Moto haukufa. Ulishuka, ukila ile mizizi mikavu chini kwa chini. Na sasa ulikuwa ukielekea kwenye nyumba za wenzake.

Walijaribu maji ya mitungi. Udongo uliyanywa, moshi ukatokea kando. Ilibaki chemchemi ya chini ya kilima, ambayo maji yake yote yaliishia mferejini. Mfereji ukizibwa, bonde lingejaa tena, na shamba lingezama.

"Shemeji," akasema Rweyongeza, mdogo wa marehemu Byabato, "tangu lini vyura wakarithi? Jasho la kaka yangu lililobaki ni hilo tu. Watoto watakula nini?"

"Watakula nitakachopata, shemeji. Nyumba ya Nyamwiza ikiteketea na watu ndani, nitamlipa nini? Mume wangu tulimzika kilimani. Hayumo mferejini."

Akashika jembe, akakata bonge la udongo wa mfinyanzi, akalitupia kwenye mfereji. Rweyongeza alisimama akimtazama. Mwishowe akanung'unika, "Hata kuziba hujui, maji yatapita hapo," akaingia mferejini.

Maji yalipanda polepole. Ardhi ilitoa mvuke na kutokota, kisha ikanyamaza. Viazi vikaoza, nyumba zikahamishiwa kilimani, mafunjo yakaota juu ya kazi yote ya Byabato. Kokuhirwa na watoto walilima kipande cha Rweyongeza huko kilimani, na mwaka ule walilala njaa mara nyingi. Lakini hakuna aliyezikwa kwa sababu ya moto ule.

Na tangu siku hiyo, watu wa Kyanyabisi huwasha moto wa matanga ndani ya chungu, usiguse ardhi. Siku ya kuanua matanga, mfiwa mwenyewe ndiye huumwagia maji, na hakuna amwambiaye kwamba anamfukuza marehemu wake. Humwaga kidogo kidogo, akilitaja jina la aliyemzika, hadi mvuke uishe.