Kiguru na Mji Uliozungusha Paka Wake

Wewe uliyejinyoosha hapo na kikombe cha chai, ushawahi kuambiwa "tutakupigia"? Ukangoja mpaka betri ikafa, ikafufuka, ikafa tena? Basi sogea motoni, ngano hii ni yako. Nikisema inabisha, nyinyi semeni ifungulieni.

Ngano inabisha!

Ifungulieni!

Inabisha tena!

Ifungulieni, iingie, ikae!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na wakubwa wakisikia... aah, wapi, wakubwa hawakusikia hata enzi hizo. Hapo kale palikuwa na mji ukiitwa Majivuno. Mji ulikuwa na ghala moja, na ghala lilikuwa na Bwana Ghala mmoja, Shekuwe, mwenye tumbo lililofika mkutanoni kabla yake. Ndani ya ghala aliishi paka jike wa kijivu. Kazi yake panya. Hakuomba leave, hakuomba allowance. Alikamata panya, akalala, akakamata panya.

Jioni moja Shekuwe akatoka ghalani mbio, amebeba kapu la mtama wa watu, kalifunika kwa kanga ya mkewe. Akauvuta mlango kwa pupa. Papu! Mguu wa nyuma wa paka ukanasa. Mfupa ukavunjika, na bawaba ya mlango ikapinda.

"Bwana, mguu wangu!" paka akalia.

"Wacha kelele," akasema Shekuwe, huku akiangalia kama mtama umemwagika. "Paka asiye na miguu minne amejiachisha kazi mwenyewe. Rudisha mali ya ofisi."

"Mali gani?"

"Hiyo harufu ya panya unayonukia."

Akamtupa jalalani. Mguu ukakauka, paka akajifunza kutembea kwa mitatu. Na wale wale aliowalindia chakula wakampa jina: Kiguru.

Kiguru akaenda kutafuta nyumba ya kumchukua. Akafika kwa muuza samaki, akaimba:

Hodi hodi wenye nyumba,
miguu mitatu, macho mawili, njaa moja,
nifungulieni.

"Una uzoefu?" akauliza muuza samaki.

"Maisha yangu yote, ghalani."

"Huo ni uzoefu wa miguu minne. Wa miguu mitatu unao?"

Papu! Mlango ukafungwa. Akafika kwa mwenye hoteli, akaimba:

Hodi hodi wenye nyumba,
miguu mitatu, macho mawili, njaa moja,
nifungulieni.

"Tunataka paka mchanga," akasema mwenye hoteli, "mwenye uzoefu wa paka mzee."

"Huyo hajazaliwa."

"Ndiyo, tunamsubiri."

Papu! Akafika kwa mke wa diwani, akaimba tena wimbo ule ule.

"Ooh, pole dear! So inspiring! Simama hapo kwenye mwanga nikupige picha."

"Utanichukua?"

"Tutakupigia."

"Sina simu, mama."

"Basi usijali, hata kupiga hatutapiga."

Papu!

Mwisho wa mji, pale nyumba zinapokwisha na kichaka kuanza, aliishi binti aitwaye Mwatime. Alikuwa amesoma mpaka walimu wakachoka, na kazi hana. Alichokuwa nacho ni kibuyu cha mbegu ya mtama alichoachiwa na mamake, na kishamba kilichongoja mvua. Mbegu ile ikiliwa, hana chakula, hana shamba, hana mwaka. Alipoipeleka ghalani ihifadhiwe, Shekuwe alimwambia, "Kumejaa. Kwani wewe unamjua nani?"

Kiguru akaimba mlangoni. Mwatime akafungua.

"Ingia."

"Hunihoji?"

"Nimehojiwa mimi, inatutosha sote wawili."

Sasa sikilizeni desturi ya Majivuno. Paka akihamia mahali papya hutiwa guniani, akazungushwa mlangoni mara tatu, asahau alikotoka. Jirani, Mama Kadzo, akaja na gunia lake kabisa.

"Mwatime mwanangu, umechukua paka au kigoda cha miguu mitatu?"

"Paka, mama."

"Mzungushe basi. Akumbuke nini huyu? Kuvunjwa?"

"Hicho hasa, mama. Sitaki akisahau."

"Haya, msomi." Alivyolitamka neno hilo ungedhani ni ugonjwa wa ngozi.

Mwatime akauosha mguu kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akaufunga kwa kipande cha leso. Kiguru akalala kando ya kibuyu.

Panya wakaja kuifuata mbegu. Kiguru hakukimbia huku na huku. Alikaa tu kwenye tundu lao, kimya. Panya wa kwanza akatoka akicheka: "Kigoda hakikimbii!" Kweli hakikimbii. Kilimkalia. Wa pili alicheka kidogo, kikamkalia naye. Wa tatu hakucheka, kwa sababu hakutoka.

Na kule ghalani? Shekuwe aliajiri paka watatu wa miguu minne, akawatia guniani, akawazungusha mara tatu. Akaiita induction ya wafanyakazi wapya. Paka wa kwanza alitoka na kizunguzungu, akawapigia panya saluti. Wa pili akawauliza panya ofisi iko wapi. Wa tatu alikuwa paka wa shemeji yake Shekuwe, mnene kama mto wa kulalia. Huyo alikaa akala nao lunch. Hakuna aliyejua panya wanapita wapi, maana kila aliyejifunza kitu kuhusu mji ule alisahaulishwa mlangoni. Halafu mji mzima ukashangaa: mbona panya hawaishi?

Mvua ikaanza kunukia. Watu wakaenda ghalani kuchukua mbegu. Wakakuta makapi.

"Tutaunda kamati," akasema Shekuwe.

"Mwatime anapanda. Kigoda chake kimelinda mbegu," akasema Mama Kadzo, taratibu.

Wakamiminika mwisho wa mji, Shekuwe mbele na gunia.

"Kiguru wetu! Shujaa wetu! Umepandishwa cheo. Ingia guniani kidogo, ni procedure tu."

"Siingii."

"Utapewa chumba."

"Siingii."

"Utapewa maziwa."

"Siingii!"

Shekuwe akamgeukia Mwatime. "Huyu ni mali ya ghala. Mtoe, la sivyo shamba hilo si lako tena."

Mwatime alisimama mlangoni, mkono kwenye mlango, ameuweka wazi. "Hatoki. Kama mnamtaka, kwanza muulizeni anajua nini."

"Anajua nini kigoda?" akacheka Shekuwe. Alicheka peke yake.

Kiguru akasema: "Panya wanapita kwenye bawaba. Bawaba imepindishwa na mguu wangu. Mguu ulibanwa na mlango. Mlango ulivutwa na Shekuwe. Na Shekuwe alikuwa na kapu, limefunikwa kanga, lina mtama wenu."

"Uongo!" akafoka Shekuwe. "Kapu lenyewe hata halikujaa!"

Watu wakamzingira.

Wakamvua funguo. Wakaenda kwake, wakatoa mtama chini ya kitanda, juu ya dari, ndani ya mito, kila mtu akapata wa kupanda. Kisha Mama Kadzo akalinyanyua gunia lake. "Tumtie huyu! Tumzungushe mpaka asahau jina!"

"Msimzungushe," akasema Kiguru. "Huyo akumbuke."

Bawaba ikanyooshwa. Kiguru huenda ghalani asubuhi kwa miguu yake mitatu, huingia mlangoni kama mtu, na jioni hurudi kwa Mwatime. Muuza samaki siku hizi humwita shangazi. Hajibu.

Funzo lake? Aliyeumia mahali anajua mahali pale pameharibika wapi. Mkimtupa, msilie mkishindwa kuziba tundu. Asiyeelewa ajiunge na kamati, nafasi zipo.

Ngano inatoka!

Ifungieni polepole!

Polepole vipi?

Isibanwe mguu!

Na nyinyi mnaoshika funguo hadi leo, mnaotuzungusha kutoka dirisha hili hadi lile mkingoja tusahau: hatujasahau. Leteni kapu. Likalisheni hapa katikati, mbele ya moto huu, ondoeni kanga, tuone kilichomo. Kabla ya mvua.